Soma Maji Kwanza: Mwongozo wa Kuishi Kistoiko Ruaruke

Wastoiko wa kale wamebaki midomoni mwa watu kwa jambo moja, uvumilivu. Anayewataja leo huwataja kama watu waliokaza moyo, wasiolia msibani wala kushtuka mali ilipopotea, na ushauri unaotolewa kwa jina lao ni kwamba mtu akubali yaliyomfika na anyamaze. Mwongozo huu umeandikwa kuupinga ushauri huo. Umeandikwa kwa ajili yako unayeishi Ruaruke au katika vijiji vingine vya Kibiti na delta ya Rufiji, uwe mkulima wa mpunga, mvuvi, mwalimu au mtendaji wa kijiji. Wastoiko walianzia mbali na uvumilivu. Walianza kwa kuchunguza bahari, mvua, nyota, matetemeko na miili ya viumbe, na walishikilia kwamba mtu hawezi kujua lipi ni jema kwake mpaka ajue yumo katika dunia ya namna gani. Uvumilivu hufuata nyuma ya elimu hiyo, na una thamani kwa yule tu anayejua anavumilia nini. Mahali ambapo mto mkubwa kuliko yote nchini unakutana na bahari, anayevumilia bila kujua hupoteza shamba, na pengine uhai.

Ushahidi wa dai hili umo katika mpangilio wa shule yenyewe. Zeno, mzaliwa wa Kitio katika kisiwa cha Kupro, alianza kufundisha Athens karibu na mwaka 300 K.K., akiketi na wanafunzi wake katika baraza la hadhara lililopambwa michoro, na baraza hilo ndilo lililowapa jina. Waligawa elimu yao sehemu tatu: mantiki, maumbile na maadili. Diogenes Laertius, aliyekusanya habari za wanafalsafa karne kadhaa baadaye, anaeleza kwamba waliifananisha elimu hiyo na shamba lenye rutuba. Mantiki ni uzio unaolizunguka, maumbile ni ardhi au miti yenyewe, na maadili ni mazao. Hakuna anayekula ardhi, lakini mwenye kudharau ardhi hatavuna. Chrysippus, aliyeongoza shule hiyo katika karne ya 3 K.K. na kuandika mamia ya vitabu ambavyo hakuna kimoja kilichotufikia kizima, alisema wazi kwamba hakuna njia nyingine ya kuyafikia mema na mabaya isipokuwa kuanzia kwenye maumbile ya ulimwengu wote. Maneno hayo yamehifadhiwa na Plutarch, mpinzani wao, aliyeyataja ili kumshtaki Chrysippus kwamba anajipinga, kwa sababu mahali pengine alitaka somo la maumbile lifundishwe mwisho. Shtaka hilo halina uzito mkubwa. Mtoto hukatazwa kuvuka kijito wakati maji yanajaa kabla hajaelezwa kwa nini yanajaa. Utaratibu wa kufundisha ni mmoja, na msingi wa amri ni mwingine.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kusoma maji ya bahari, na hapa una mtangulizi. Posidonius, Mstoiko aliyezaliwa Apamea nchini Syria na kufundisha katika kisiwa cha Rhodes, aliona kwamba Bahari ya Kati haipandi wala kushuka kiasi cha kumfundisha mtu. Akasafiri hadi Gades, mji wa Hispania unaoitwa sasa Cádiz, akakaa kando ya Atlantiki kuangalia. Mwanajiografia Strabo ametuhifadhia aliyoyaona: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku yakiufuata mwezi, na huzidi mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mvuvi wa Nyamisati hahitaji Mgiriki kumfundisha hilo. Anajua bamvua na anajua maji mafu, na anajua kwamba saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku. Lakini soma aliposhindwa Posidonius, kwa maana hapo ndipo pana faida kwako. Kuhusu mzunguko wa mwaka hakungoja aone mwenyewe. Alipokea habari za wenyeji kwamba maji huwa makubwa zaidi katikati ya kiangazi, jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, akajenga nadharia juu ya habari hizo. Ukweli ni kinyume: bamvua kubwa za mwaka huja karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani Machi na Septemba. Shule yake ilikuwa imefundisha kwamba mtu asiipe ridhaa picha ya jambo mpaka iwe wazi akilini kabisa. Siku hiyo mwanafunzi wake bora aliisahau kanuni.

Kwa hiyo usitegemee kusikia. Chagua nguzo au mti ulio kando ya kijito kinachoingiza maji ya chumvi kwenye mashamba yenu, na kila bamvua weka alama mahali maji yalipofika. Andika tarehe, umri wa mwezi, upepo kama ni kusi au kaskazi, na kama maji yalikuwa matamu, ya chumvi kidogo au ya chumvi kali. Daftari la shule linatosha. Pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita tatu, na katika nchi tambarare kama ya delta kila sentimita inayoongezeka husukuma chumvi mbali ndani ya majaruba. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi hii, na itawafundisha hesabu, jiografia na subira kwa pamoja. Jambo la maadili linaingia hivi: mkulima anayepanda mahali ambapo alama za miaka mitatu zinaonyesha chumvi, kisha akalalamika kwa Mungu au kwa jirani, amekosa tangu alipochagua mahali pa kupanda. Wastoiko waliita ujinga wa namna hiyo kosa, kwa sababu ulikuwa katika uwezo wake kuuondoa.

Somo la mto ni gumu zaidi, kwa kuwa chanzo chake hakionekani ukiwa Ruaruke. Bonde la Rufiji lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 177,000, karibu asilimia 60 ya eneo la nchi nzima ya Italia walikotawala Warumi waliosoma vitabu vya Wastoiko. Kilombero pekee huleta zaidi ya nusu ya maji ya mto. Luwegu na Ruaha Mkuu huleta sehemu kubwa ya yanayobaki. Mvua inayokupiga wewe nyumbani kwako inaeleza kidogo sana kuhusu maji yatakayofika wiki inayofuata, na anga jeupe la Kibiti halikupi dhamana yoyote ikiwa mvua imenyesha mfululizo Mahenge na Njombe. Seneca aliandika kitabu kizima kuhusu maswali ya maumbile katika miaka ya mwisho kabla ya kufa mwaka 65 B.K., na sehemu moja aliitoa kwa ajili ya mafuriko ya mto Nile, akipima sababu moja baada ya nyingine zilizotajwa na waliomtangulia. Alikuwa hajui kuhusu mvua za Ethiopia kama tunavyojua sisi. Lakini alielewa kwamba kinachowatisha watu ni tukio lisiloelezeka, na kwamba hofu hupungua kadiri sababu zinavyojulikana.

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa historia ya Rufiji ina ushahidi ambao Seneca angeutamani. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vipya vya nchi ya juu, katika kampeni iliyojulikana kama Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa kuokoa watu, na nia hiyo isidharauliwe. Lakini waliopanga walikuwa wamesoma uso mmoja tu wa mto. Walisoma kwamba mafuriko huua, hawakusoma kwamba mafuriko hayohayo hulisha. Yakiondoka huacha tope jipya lenye rutuba na unyevu wa kutosha, na katika unyevu huo wakulima hupanda mlau, yaani mahindi na kunde zinazokomaa bila kungoja mvua nyingine. Familia zilizohamishwa ziliendelea kurudi bondeni kulima, zikijenga madungu ya kulalia shambani ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mwaka usio na mafuriko ulikuwa na njaa yake kama ulivyokuwa nayo mwaka wa mafuriko makubwa mno. Kosa lililofanyika lilikuwa la elimu kabla ya kuwa la siasa. Unapoambiwa leo kwamba mto ni adui, au unapoambiwa na mzee kwamba mto ni mama na haujawahi kumdhuru mtu, jiulize ni uso upi ulioachwa bila kusomwa.

Sasa ndipo panapofaa kuingiza fundisho la Epictetus, lile linalojulikana kuliko yote. Epictetus alizaliwa mtumwa, akaachwa huru, akafungua shule Nicopolis, na alifundisha kwamba baadhi ya mambo yako katika uwezo wetu na mengine hayako. Hukumu zetu, nia zetu na hatua tunazochagua ni zetu. Mwili, mali, sifa na vyeo si vyetu kikamilifu. Watu wengi huichukua kanuni hii kama kisu kilicho tayari kukata. Mimi nasema haikati chochote mikononi mwa asiyejua maumbile. Nani atakuambia kama chumvi iliyoua mpunga wako ni jambo lililo nje ya uwezo wako au matokeo ya tuta ulilochelewa kujenga? Alama za kwenye nguzo ndizo zitakazokuambia. Mpaka kati ya yaliyo yako na yasiyo yako haukuchorwa mbinguni mara moja kwa wote. Husogea kadiri unavyojua zaidi. Mkulima wa miaka 100 iliyopita hakuwa na namna ya kujua siku tatu mapema kwamba kimbunga kinakuja, kwa hiyo hakuwa na wajibu kuhusu kimbunga. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mwendo wa Kimbunga Hidaya kabla hakijafika karibu na Mafia tarehe 4. Tangazo lile liliongeza uwezo wa kila mwenye chombo baharini, na kwa kuongeza uwezo liliongeza wajibu.

Mtu atasema: kama limeandikwa litakuwa, na kama halikuandikwa halitakuwa, basi redio ya nini? Hoja hii ina umri mrefu. Wapinzani wa Wastoiko waliitumia kuwashambulia, kwa kuwa Wastoiko waliamini kwamba kila kitu hutokea kwa mnyororo wa sababu. Ikiitwa hoja ya uvivu, ilikwenda hivi: kama umeandikiwa kupona, utapona umwite tabibu usimwite. Chrysippus alijibu kwamba matukio hayakuandikwa moja moja yakielea peke yake. Kupona kumefungamana na kumwita tabibu; vyote viwili vimo katika mnyororo mmoja, na anayekata pete moja asitarajie kuivuta nyingine. Alikwenda mbele zaidi, kama Epictetus anavyosimulia: maadamu yajayo hayajanifunulia uso wake, kazi yangu ni kushika lile linalofaa zaidi kwa uhai na afya. Msomaji Mwislamu wa delta atatambua kwamba mwelekeo huu haupingani na fundisho alilolelewa nalo, la kumfunga ngamia kwanza ndipo kutegemea. Na hakuna ajabu katika kufanana huko. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9 aliyeishi Baghdad, aliandika risala ya kuondoa huzuni ambamo mna kisa cha abiria walioshuka chomboni na kusahau safari, kinachokaribiana sana na mfano uliomo katika kitabu kidogo cha Epictetus. Elimu hii ilishapita katika mikono ya Waislamu muda mrefu kabla ya kufika kwenye maduka ya vitabu ya miji mikubwa.

Pingamizi zito kuliko hilo linatoka Bwawa la Julius Nyerere. Tangu lilipoanza kujazwa mwishoni mwa mwaka 2022, mto uliokuwa wa mvua peke yake umekuwa pia wa milango. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Wakazi wengi waliuliza kama ni maji yaliyofunguliwa bwawani, na Serikali ikajibu kwamba mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi na kwamba bwawa lilipunguza nguvu ya mafuriko. Je, falsafa inayomtaka mtu akubaliane na maumbile haimwambii akubaliane pia na mlango uliofunguliwa na binadamu mwenzake? Hapana, na jibu linatokana moja kwa moja na kusoma maumbile. Mvua ya El Niño haina nia. Haiwezi kukosea wala kuombwa radhi, na kuikasirikia ni kupoteza nguvu. Saa ya kufungua mlango, kiasi cha maji yanayoachiwa, na tangazo linalotolewa au lisilotolewa kwa vijiji vya chini ni maamuzi ya watu wenye akili na taarifa, na maamuzi ya watu yapo chini ya haki, mojawapo ya maadili manne makuu ya Wastoiko. Kuyaita maamuzi hayo maumbile ni kusema uongo juu ya maumbile. Seneca, aliyeandika vitabu vitatu kuhusu hasira, alidai kwamba akili bila hasira inatosha kudai haki na hata kuadhibu. Pima dai hilo katika mkutano wa kijiji. Mwenye daftari la kina cha maji, tarehe kwa tarehe, anaweza kumuuliza mhandisi swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu. Asiye na daftari hubaki na sauti ya juu, na sauti ya juu huandikwa kwenye taarifa kama malalamiko ya wananchi, kisha faili hufungwa.

Yapo mapingamizi yaliyotoka ndani ya shule yenyewe. Ariston wa Chios, mwanafunzi wa Zeno, alitaka maumbile na mantiki yatupwe kabisa. Alisema la kwanza liko juu ya uwezo wetu na la pili halituhusu, yabaki maadili tu. Na mtu wa leo anaweza kumuunga mkono kwa ushahidi mzuri, kwa sababu elimu ya maumbile ya Wastoiko ilikuwa na makosa mengi. Waliamini moto wenye akili umeenea katika kila kitu na kwamba ulimwengu mzima huungua na kuzaliwa upya. Cleanthes, mrithi wa Zeno, alisikia kwamba Aristarchus wa Samos anasema dunia ndiyo inayozunguka, akaona Wagiriki wangepaswa kumshtaki kwa kosa la kukufuru. Hilo ni doa, na sitalifunika. Lakini tazama doa lilipo. Cleanthes alikosa pale alipoacha kuchunguza akaanza kulinda alichokwisha kukiamini. Makosa ya Wastoiko katika maumbile yanatufundisha kuendelea kusoma kuliko walivyosoma wao, hayatufundishi kuacha. Na maadili ya Ariston yasiyo na maumbile yangemwambia nini mkazi wa delta? Kuwa mwadilifu, kuwa jasiri, kuwa na kiasi. Vema. Je, uadilifu unamtaka afyeke mikoko alime, au aiache? Hapo Ariston hana la kusema.

Swali la mikoko linastahili kujibiwa kwa kina, kwa sababu hapa watu wema hugombana. Delta ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina hiyo kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, na Wajerumani waliuweka chini ya hifadhi tangu mwaka 1898 kwa sababu ya boriti zake. Mto ulipobadili mkondo wake mkuu kuelekea matawi ya kaskazini katika miaka ya 1970, maji matamu yaliingia mahali palipokuwa pa chumvi, na wakulima waliona nafasi. Walifyeka mchu na mkandaa wakapanda mpunga. Misimu ya kwanza huwa mizuri. Kisha huja kaa wanaokata miche michanga, magugu, na chumvi inayorudi miaka ya mvua haba, na shamba huachwa ili lingine lifyekwe. Wakati huohuo kamba wachanga hukulia katika vivuli vya mizizi hiyo kabla ya kutoka kwenda baharini, na mvuvi anayewangoja nje ya delta hana kura katika jaruba la mwenzake. Usiwatafute Wastoiko wakupe haki za miti. Chrysippus aliamini kwamba mimea na wanyama wapo kwa ajili ya matumizi ya watu, na hakuna haki kati yetu na wao. Katika hilo mimi naona walipungukiwa. Hata hivyo kanuni yao kwamba faida ya mmoja haiwezi kuwa ya kweli ikiharibu faida ya wote inatosha kukupa uamuzi: shamba linalodumu misimu michache kwa gharama ya mazalio ya kamba ni hasara iliyofichwa ndani ya hesabu ya mtu mwingine. Wakazi wa delta waliwahi kuitumia kanuni hii bila kuijua kwa jina. Mwaka 1997 Serikali ilipokubali mpango wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba kwa mabwawa makubwa ndani ya delta, ingawa baraza lake lenyewe la mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri mpango ukataliwe, wanavijiji walikwenda mahakamani, na mabwawa hayakujengwa. Anayewapongeza kwa hilo, nami ni mmoja wao, hana budi kulipima panga lake mwenyewe kwa kipimo kilekile.

Pengine umeshauliza: kufuata maumbile ndiyo nini, kama mamba naye anafuata maumbile anapomvuta mtu mtoni? Wastoiko walilitarajia swali hilo. Kila kiumbe, walisema, tangu kuzaliwa hujihisi kuwa wake mwenyewe na huvutwa na kile kinachohifadhi umbo lake. Mamba huhifadhi umamba. Mtu huanza na titi la mama, lakini umbo lake linapokomaa hujikuta ni kiumbe wa akili na wa jamii, na kinachomhifadhi ni kutumia akili na kuishi na wenzake. Unasoma maumbile ya mto ili ujue unashughulika na nini. Unasoma maumbile yako ili ujue ushughulike nacho namna gani. Hierocles, Mstoiko wa karne ya 2 B.K., alichora duara ndani ya duara: nafsi, wazazi na watoto, ndugu wa ukoo, watu wa mji, nchi, mwisho wanadamu wote. Kazi ya mtu mwema ni kuvuta kila duara lisogee ndani, na alishauri tuanze kwa kuwaita binamu ndugu, na wajomba na shangazi baba na mama. Katika hilo la kwanza familia za pwani zilishafika zamani. Kinachobaki ni duara la nje, na kwa Kibiti duara hilo lina ng'ombe.

Wafugaji waliofika Rufiji na Kibiti na makundi yao kwa wingi walitoka, wengi wao, katika bonde la Usangu, walikoondolewa kuanzia mwaka 2006. Waliondolewa kwa sababu Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi tangu mwaka 1993, na nchi ilikuwa inahitaji maji ya kuzalisha umeme. Ruaha Mkuu humwaga maji yake Rufiji. Kwa maneno mengine, mkulima wa Ruaruke na mfugaji anayegombana naye wameletwa mahali pamoja na mto mmoja, mmoja akiwa mwisho wake na mwingine akiwa karibu na chanzo chake. Hili halifuti mahindi yaliyoliwa, na fidia ni haki. Lakini anayejua ramani hiyo hamwoni mfugaji kama nzige walioshuka kutoka mbinguni. Anamwona mtu aliyesukumwa na uhaba uleule wa maji utakaomfikia yeye. Kaa naye kabla ya msimu, pangeni njia za mifugo na mahali pa kunyweshea wakati mashamba hayajapandwa. Baada ya mpunga kuliwa, mazungumzo hayo huwa magumu mara kumi.

Kuhusu biashara nitasema kidogo. Cicero anasimulia mjadala wa Wastoiko wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfanyabiashara amefika Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Misri wakati wa njaa, na anajua meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes alisema sheria haimlazimishi. Antipater alisema awaambie, kwa kuwa faida yake imo ndani ya faida ya wote. Naungana na Antipater. Ukijua bei ya Dar es Salaam na mkulima hajui, ukijua chakula cha msaada kitafika wiki ijayo, ukinunua kwa lumbesa kutoka kwa mtu aliyepoteza nusu ya shamba kwa maji, unatumia ujinga wa jirani kama mtaji. Elimu ya maumbile aliyoisifu Posidonius inakuwa silaha mikononi mwako. Kwa sababu hiyo daftari la maji lisiwe siri ya mtu mmoja.

Anza kabla ya masika. Weka nguzo, fungua daftari, na nakala ya kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na shuleni. Katika mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, ombeni kwa barua Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na wasimamizi wa bwawa watoe takwimu za maji yanayoachiwa, kwa Kiswahili, kwa vijiji vyote vya chini, siku zile zile wanazozipata wao. Barua hiyo ibebe alama zenu za nguzo kama kiambatisho.